Mchagua Jembe si Mkulima: Na Mchagua Mwalimu Je?



Wazee wetu walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Maana yake haifichiki. Mtu anayeshinda dukani akigeuza majembe, hili zito, hili mpini wake mfupi, huyo shamba limekwisha kumshinda kabla hajalifikia. Methali hii nimewapigia wanafunzi wangu kwa zaidi ya miaka thelathini. Kila aliyekuja kunung'unika juu ya mwalimu wake nilimfunga mdomo kwayo, naye akarudi darasani ameinamisha kichwa. Sasa nimekuwa mtu mzima, na nimeona kwamba methali njema nayo huweza kutumiwa kwa uvivu. Aliyenionyesha hayo ni kijana wa Natta.

Wengi katika nyinyi hamuijui Natta. Iko mkoa wa Mara, wilaya ya Serengeti, katika njia itokayo Makutano kwenda Mugumu. Wenyeji wake ni wakulima na wafugaji, nao ni jirani wa Waikoma na Waisenye, ambao lugha yao ni karibu moja na yao. Katika ujana wangu nilikaa huko miaka mitatu, nikiwasomesha Kurani watoto wa wafanyabiashara wachache Waislamu, barazani mwa duka. Jirani yangu alikuwa mzee mmoja mwenyeji. Hakuwa Muislamu, lakini haki ya ujirani aliijua kuliko wengi wetu. Maziwa waliyokunywa wanangu yalitoka katika zizi lake. Kijana ninayemtaja ni mjukuu wa mzee huyo. Alipopata nafasi ya chuo kikuu huku pwani, babu yake alimpa wasia mmoja tu: afike kwangu, anisalimie.

Alikuja baada ya sala ya Isha. Tulipokwisha kuulizana habari za nyumbani, akatoa simu yake, akanifungulia orodha ndefu.

"Hii ni nini, mjukuu wangu?"

"Ni orodha ya walimu, Maalimu. Wenzetu waliotutangulia wameiandika, na sisi wapya tunapeana. Nataka unishauri nichague nani."

Nilikuwa tayari nimekwisha kufungua kinywa ili nimpige kwa lile jembe langu. Nikakifunga, nikaomba nisome kwanza.

Kwa faida ya wazazi ambao hawakupita katika milango hiyo, nieleze jambo lenyewe lilivyo. Chuo kikuu si kama shule ya sekondari, ambako mtoto hupewa ratiba na kuifuata. Mwanafunzi huingia katika shahada fulani, ya ualimu, ya sheria, ya historia au ya hesabu, na ndani ya shahada hiyo yamo masomo ya namna mbili. Yako ya lazima, ambayo hana hiari nayo. Na yako ya hiari, ambayo huambiwa: katika haya matano, chukua mawili. Mwanzoni mwa muhula hupewa siku chache za kujiandikisha, na mlango ukishafungwa umefungwa. Hapo ndipo orodha kama ile inapopata soko. Masomo matano yamewekwa mbele ya kijana, na majina yake yote kwake ni mageni. Hajui ndani yake mna nini. Lakini majina ya walimu watano ameyasikia, na kila jina lina habari zake.

Nikaisoma orodha ile kama nisomavyo kitabu, na hapa ndipo ninapotaka kuihakiki, kwani nayo ni maandishi na ina wasomaji wengi kuliko sisi tuandikao magazetini. Niliona kwamba kila mwalimu amepimwa kwa vipimo vitatu. Cha kwanza: je, alama zake ni nyepesi? Cha pili: je, anaita majina, au mtu aweza kutohudhuria asijulikane? Cha tatu: je, mitihani yake hurudiarudia maswali ya miaka iliyopita? Mwalimu aliyepata sifa hizo tatu aliandikiwa kuwa ni "baba". Na mmoja, ambaye alikuwa akisomesha somo la namna ya kukusanya na kuandika historia ya mababu kutoka vinywani mwa wazee, aliandikiwa maneno mawili tu: "Huyo kimbieni."

Tazama, ndugu msomaji, kilichokosekana. Katika orodha nzima hapana mahali palipoandikwa: huyu anaijua elimu yake. Wala: kwake nilielewa jambo ambalo nilikuwa silielewi. Wala: huyu akisahihisha kazi yako anakuonyesha ulipokosea. Orodha ile inamsema mwalimu kama abiria anavyolisema basi: linakwenda mbio au halendi, nauli yake ni kubwa au ndogo. Linakokwenda halikutajwa.

Hata hivyo sikumkaripia. Nilipomtazama kijana nilikumbuka kwamba kuchagua mwalimu si uzushi wa vijana wa leo. Ni mwendo wetu sisi wenyewe, na ni wa zamani sana.

Kitabu ambacho nilikisoma nikiwa na umri wa yule kijana ni Taalimul Mutaallim cha Burhanuddin az-Zarnuji, mwanachuoni wa Kihanafi aliyeishi mwishoni mwa karne ya sita ya Hijria na mwanzoni mwa ya saba. Ni kitabu kidogo chenye milango kumi na mitatu, nacho kimezunguka nchi za Waislamu tangu Uturuki hadi Java. Mlango wake wa tatu wote ni juu ya kuchagua: kuchagua elimu, kuchagua mwalimu, kuchagua mwenzi wa kusoma naye, kisha kuthibiti juu ya hayo. Az-Zarnuji anamtaka mwanafunzi amtafute mwalimu aliye mjuzi zaidi, mcha Mungu zaidi, na mkubwa wa umri zaidi. Anatoa mfano wa Imam Abu Hanifa, aliyefikiri na kupima kabla ya kumchagua Hammad bin Abi Sulayman. Naye, kama ijulikanavyo katika habari zake, alibaki kwa Hammad yapata miaka kumi na minane, mpaka mwalimu wake alipofariki mwaka 120 Hijria. Anataja pia nasaha aliyopewa mtu aliyekuwa akienda Bukhara kusoma: asikimbilie kukaa mbele ya mwalimu yeyote, bali angoje miezi miwili, awatazame, ndipo achague, kwani akiingia kwa pupa kisha akatoka, masomo yake hayatakuwa na baraka.

Miezi miwili! Na kijana wetu anapewa siku chache tu. Basi si ajabu kwamba anashika orodha ya wenzake. Mtu aliyenyimwa muda wa kutazama kwa macho yake atatazama kwa macho ya wengine.

Kwa hiyo methali yangu ya jembe ilikuwa na kasoro. Mkulima wa kweli huchagua jembe, tena huchagua kwa makini, kwani yeye ndiye atakayelishika kutwa. Asiyechagua ni yule asiyekusudia kulima. Methali inamlaumu anayechagua ili asilime. Haimlaumu anayechagua ili alime vizuri.

Lakini nikikisifu kitabu cha az-Zarnuji sina budi kukikosoa pia, kwani mapenzi ya kitabu si kukifumbia macho. Mambo mawili ndani yake hayatutoshi.

La kwanza ni kile kipimo cha umri. Katika zama zake mwalimu mkubwa wa umri alikuwa amepitia vitabu vingi zaidi na majaribu mengi zaidi, na heshima yake ilikuwa ni haki. Hata leo ni haki. Lakini katika chuo kikuu mtu aweza kuwa profesa mwenye jina kubwa, na karatasi anazosomea zikawa ni zile zile alizoziandika miaka ishirini iliyopita, ilhali mhadhiri kijana wa chumba cha pili anasoma kila kitabu kinachotoka na kukaa na wanafunzi wake mpaka waelewe. Mimi nina miaka sitini na zaidi, na nasema hili dhidi ya nafsi yangu: mvi ni dalili, si hoja.

La pili ni kisa ambacho kitabu kinakitoa kuonyesha uzuri wa mwanafunzi kumwachia mwalimu amchagulie elimu. Kinasema kwamba Imam Bukhari alianza kusoma fikihi kwa Muhammad bin al-Hasan, naye alipoiona tabia yake akamwelekeza kwenye elimu ya Hadithi, na matokeo yake tunayajua. Ni kisa kizuri. Lakini akiwa anayekusudiwa ni Muhammad bin al-Hasan ash-Shaybani, mwanafunzi mashuhuri wa Abu Hanifa, basi huyo alifariki mwaka 189 Hijria, na Bukhari alizaliwa mwaka 194. Hawakukutana. Ama jina limechanganywa na la mtu mwingine, ama kisa kimeingia kitabuni bila kupimwa. Nami nilikisomesha miaka mingi bila kuhesabu! Maana yake yaweza kuwa sahihi, kwamba mwalimu mwema huona ndani ya mwanafunzi kile ambacho mwenyewe hajakiona. Lakini nimejifunza kwamba hata kisa cha kufundishia adabu ya elimu kina haki ya kuulizwa: nani kakisimulia, na alikipata kwa nani? Naomba msomaji aliweke swali hili moyoni, kwani tutalirudia tutakapofika Natta.

Sasa tuje kwetu. Marehemu Sheikh Abdallah Saleh al-Farsy, aliyezaliwa Unguja mwaka 1912 akafariki mwaka 1982, alituachia kitabu cha maisha ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, kilichotoka mwaka 1972. Anayekifungua huona kwamba maisha ya mwanachuoni yamejengwa juu ya nguzo mbili: alisoma kwa nani, na nani walisoma kwake. Madrasa, mji na nyumba hufuata nyuma. Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija, alizifuata elimu mpaka Hadharamaut, Istanbul na Misri. Sheikh Abdallah Bakathir wa Lamu, aliyesafiri mpaka Hadharamaut na Java, alikuja kukaa Unguja karibu na Ibn Sumayt, na wote wawili wakafariki mwaka mmoja, 1925. Na kwa watu hawa wawili alikuja kijana kutoka Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye baadaye alitoa gazeti la al-Islah na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya. Hakuvuka bahari kwa ajili ya jengo. Alivuka kwa ajili ya watu.

Na cheti cha wakati ule, yaani ijaza, kilikuwa na jina la mwalimu. Mwalimu aliandika: mimi fulani, niliyeisoma elimu hii kwa fulani, namruhusu fulani aisomeshe. Aliitia heshima yake rehani. Akimpa ijaza mjinga, aibu ilikuwa yake mwenyewe. Leo shahada ina jina la chuo. Alama nyepesi alizozitoa mhadhiri hazimrudii. Zimezama ndani ya jina kubwa la taasisi, na hakuna ajuaye nani alimpitisha nani. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye mzizi wa ile orodha. Pale ambapo jina la mwalimu halimo katika cheti, mwanafunzi hana sababu ya kumtafuta mwalimu ambaye jina lake ni zito. Hutafuta alama, kwani alama ndizo zitakazoonekana.

Lakini tusikae tukisifu ya kale peke yake. Kumfuata mwalimu kwa jina kuna hatari yake, na mfano wake umo katika nyumba ile ile ya Mazrui. Mtoto wa Sheikh al-Amin, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alisomesha elimu ya siasa Makerere kwa miaka kumi tangu 1963, na jina lake likavuma Afrika nzima. Mwaka 1973, katika utawala wa Idi Amin, aliondoka, na baadaye akasomesha Marekani mpaka mwisho wa umri wake mwaka 2014. Basi kijana aliyekuwa amepanga kwenda Makerere kwa ajili yake tu, akachelewa mwaka mmoja, alimkosa. Huko Dar es Salaam nako, Walter Rodney, mtu wa Guyana aliyeandika kitabu juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, kilichotoka mwaka 1972, alisomesha historia mwaka 1966 hadi 1967, kisha akarudi mwaka 1969, akaondoka mwaka 1974. Wasiokuwa wanafunzi wake nao walikwenda kumsikiliza. Aliyemtegemea kwa shahada nzima angeachwa njiani. Maprofesa huhama, hustaafu, huenda likizo ya utafiti, hufa. Somo hubaki, na mtihani hubaki. Kwa hiyo anayechagua mwalimu na achague pia somo, wala asiingie katika elimu ambayo yeye hana haja nayo kwa kuwa tu msemaji wake ana ulimi mtamu.

Na iko hatari nyingine ya mvumo, nayo ni kwamba mtu hukaa mbele ya mwalimu mashuhuri ili aseme amekaa. Imam Shafi alipokwenda Madina kwa Imam Malik, alikwenda akiwa amekwisha kuihifadhi Muwatta. Hakwenda kumtazama Malik. Alikwenda na kazi mkononi. Na Nabii Musa, amani iwe juu yake, kama tunavyosoma katika Suratul Kahf, alisafiri mpaka akachoka kumtafuta mja aliyepewa elimu. Alipompata, lililomtenganisha naye lilikuwa ni kukosa subira, si kukosa akili. Kumpata mwalimu ni nusu ya safari. Kumvumilia ni nusu ya pili.

Hapa sina budi kusema neno la wazi kwa wazazi wenye mabinti. Nikisema mwalimu mkali avumiliwe, sikusudii kila ukali. Yako mambo ambayo kuyakimbia ni wajibu. Mwalimu anayemwita binti ofisini usiku kwa ajili ya alama, au anayemfelisha kwa kuwa amekataa, huyo si mkali, ni mhalifu. Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, katika kifungu cha 25, imeitaja rushwa ya ngono kuwa ni kosa la jinai. Binti akikuambia kwamba anataka kuacha somo la mwalimu fulani, na sababu hataki kuitaja, usimpige kwa methali kama nilivyokuwa nikifanya mimi. Mwulize mama yake amwulize kwa upole. Na ikithibiti, msitosheke kubadilisha somo. Shitakini, kwani mkinyamaza yupo binti wa jirani anayefuata. Vilevile mwalimu asiyehudhuria darasani, au anayewatukana wanafunzi kwa kabila zao au dini zao, kumwepuka si uvivu.

Nirudi sasa kwa kijana wangu. Usiku ule nilimwuliza swali moja: "Huyu mliyeambiwa mumkimbie, amewakosea nini waliomwandika?"

Akasema, "Wanasema anarudisha kazi, Maalimu. Unaandika, anakurudishia. Unaandika tena, anakurudishia tena. Na kila unaposema 'wazee wanasema', anauliza mzee gani."

Nilicheka mpaka nikakohoa. Nikamwambia, "Mjukuu wangu, huyo anataka isnadi! Sisi wanavyuoni wetu wamefanya kazi hiyo zaidi ya miaka elfu: nani kasema, kapokea kwa nani, alikuwepo au alisikia, na kumbukumbu yake ilikuwaje. Huyo nenda kwake."

Kisha nikamweleza jambo ambalo watoto wangu mwenyewe sijawaambia. Nilipokuwa na miaka kumi na saba nilikuwa nikisoma nahau kwa mwalimu mmoja mkali, ambaye hakumruhusu mtu kuvuka mlango mpaka ameutolea mifano kumi ya kwake mwenyewe. Nikachoka. Nikahamia kwa mwingine, mtu mpole, aliyetusomea na kutufasiria na kutuacha twende zetu. Kitabu nilikimaliza kwa miezi michache, nikafurahi. Mpaka leo, ndugu msomaji, nikisoma mbele za watu maandishi yasiyotiwa irabu, moyo hunidunda ninapokaribia sentensi ndefu. Miaka arobaini na zaidi nimekuwa nikiilipa raha ya miezi ile. Yule mpole sikumlaumu kamwe. Nilijichagulia mwenyewe.

Kijana akajiandikisha kwa yule wa kukimbiwa. Kazi aliyopewa ilikuwa ni kuandika kwa nini watu wa kwao walihama na kujenga makazi mapya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Wakati wa likizo alirudi Natta na daftari. Babu yake akamwambia kwamba walihamishwa na mashambulio ya Wamasai. Mzee wa pili, wa ukoo mwingine, akasema la, ilikuwa ni njaa na maradhi ya ng'ombe. Wamasai walikuja baadaye. Kijana akaandika yote mawili, akayaita "wazee wanasema". Kazi ikarudishwa. Akaulizwa: kila mmoja ni wa rika gani? Alisimuliwa na nani? Na ukoo wake ulikuwa ukikaa wapi wakati huo? Akapiga simu nyumbani, akauliza, akaandika upya. Ikarudishwa tena. Mara ya tatu ndipo alipogundua kwamba koo mbili hizo zilikaa mahali mbalimbali, na huenda wazee wote wawili walisema kweli, kila mmoja kwa upande wake.

Yupo mwanahistoria wa Kimarekani, Jan Bender Shetler, aliyefanya kazi kama hiyo kwa miaka mingi katika sehemu zile. Mwaka 2003 alitoa kitabu cha historia zilizoandikwa na watu wa Mara ya kusini wenyewe, na mwaka 2007 akatoa kingine juu ya namna watu wa Serengeti magharibi wanavyoikumbuka nchi yao, pamoja na ile ambayo leo wamezuiwa kukaa kwa kuwa ni hifadhi ya wanyama. Kijana alivisoma maktabani kwa kuwa mwalimu wake alimwambia avisome. Akaniambia, "Maalimu, mtu ametoka Marekani kuja kumwuliza babu wa watu kwetu, na mimi nimelala nyumba moja na babu yangu miaka kumi na tisa, sikumwuliza."

Matokeo yalipotoka alipata C. Wenzake waliokwenda kwa yule "baba" walipata A. Na hapa ndipo penye mtihani wa kweli, kwani baba mzazi wa kijana, aliyeuza ng'ombe wawili ili mwanawe asafiri na kuanza masomo, alipiga simu kwangu akiwa na uchungu. "Sheikh," akasema, "wewe ndiwe uliyemshauri. Wenzake wana A. Ajira itatazama nini?"

Nilinyamaza kidogo, kwani swali lake lilikuwa la haki. Mzazi aliyeuza mnyama si wa kupewa mawaidha. Nikamjibu kwa ukweli kwamba alama zina kazi yake na ajira huzitazama, na kama masomo yote ya kijana yangekuwa ya C ningekuwa nimemshauri vibaya. Ndiyo maana nilimwambia tangu mwanzo achukue somo moja la namna hiyo kwa muhula, si yote, na katika yale ya lazima ajitahidi mpaka mwisho wa nguvu zake. Kisha nikamwomba jambo moja: mtoto akija likizo, amwambie amsomee ile kazi, yeye na mzee, kuanzia mwanzo mpaka mwisho.

Walimsomea barazani. Babu alisikiliza, akasahihisha majina mawili ya mahali, kisha akataka kujua yule mzee wa ukoo wa pili alisema nini hasa. Wazee wale wawili hawakuwa na mazoea ya kutembeleana. Siku ya tatu babu akamtuma mjukuu amwite. Baba wa kijana alinipigia tena. Hakusema kwamba C ni alama nzuri, wala sikumtaka aseme hivyo. Alisema, "Wamekaa tangu asubuhi, na mtoto anaandika."

Mwaka uliofuata binamu yake naye alikwenda chuo kile kile, akamtafuta yule profesa. Alikuwa amekwisha kustaafu. Somo lilikuwa limepewa mhadhiri mwingine, na binamu akaniuliza amfuate nani sasa. Sikumpa jina. Nilimpa swali la kwenda nalo, na ndilo ninalowaachia wazazi na vijana wote wanaosoma ukurasa huu. Mkiulizana habari za mwalimu, msiulizane tu atatupa nini. Ulizeni pia atatudai nini, na je, anachokidai anakijua yeye mwenyewe? Anayekudai kidogo amekuthamini kidogo. Anayekudai kingi bila kukuonyesha njia amekudhulumu. Lakini anayekudai kingi, akasoma ulichokiandika, akakirudisha kimewekwa alama kila ulipojikwaa, huyo mshike kwa mikono miwili, awe profesa mwenye mvi au mhadhiri wa jana.

Ama ile methali ya jembe, sijaitupa. Bado nawapigia wanafunzi wangu, ila sasa naongeza neno moja: mwache achague, kisha mtazame anakwenda upande wa shamba au upande wa kivuli.

Mwenyezi Mungu awajaalie watoto wetu walimu wenye kudai, na atujaalie sisi walimu kustahili kudai. Amin.